Chozi wa Mlango wa Mbele

Mwaka huu, baridi ilipokuwa inakwisha, chozi alijenga kwenye mlango wetu wa mbele, na yaliyotokea baada ya hapo nikiyakumbuka hufunika uso kwa mkono hata nikiwa peke yangu jikoni. Nayaandika kwa sababu kila nikiyasimulia kwa mdomo hutoka mazuri kuliko yalivyokuwa. Watu hucheka, na mimi hucheka nao. Kwenye karatasi labda nitasema kweli zaidi, ingawa sina hakika. Shule nilisoma kidogo: ya Unguja niliiacha njiani nilipoletwa huku, na ya hapa Maskati sikuielewa. Kiarabu cha mwalimu kilikuwa kinanipita juu ya kichwa, mpaka nikatolewa, nikakaa nyumbani kujifunza kupika.

Chozi ni kile kindege kidogo chenye mdomo mrefu uliopinda, kinachofyonza maua. Dume ukimwona kivulini utasema mweusi. Akitoka juani anageuka zambarau na buluu, kama mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye maji. Jike si wa kutazamwa mara mbili: mgongo rangi ya vumbi, tumbo manjano iliyopauka. Lakini nyumba hujenga yeye. Huyu wetu alichagua waya wa taa za sikukuu ya taifa, zile ndogo ndogo, ambazo tulizembea kuzitoa tangu Novemba. Ncha moja ilikuwa inaning'inia mbele ya mlango, juu ya ngazi za barazani, usawa wa paji la uso la mtu mzima. Akaleta utando wa buibui, majani makavu, nyuzi, vipande vya karatasi ya tishu, akafuma kifuko kirefu kinachobembea, chenye tundu ubavuni na kijipaa juu ya tundu. Ukikitazama haraka utadhani uchafu umenasa. Mimi mwenyewe nusura nikifagie.

Binti yetu ndiye aliyetuzuia. Ndiye mtoto pekee tuliyenaye, anafanya kazi benki, na ana sauti ya chini ambayo haikatai kitu lakini wewe huikatai. "Mlango huu usifunguliwe mpaka waruke," akasema. Ukifunguliwa, upepo unakirusha kifuko huku na huko. Basi tukaanza kupita mlango wa jikoni, kwa kuzunguka nyumba, tukikwepa kamba ya nguo na pipa la taka.

Mume wangu alifurahi kuliko sote. Tangu astaafu anaangalia sana vipindi vya wanyama, na siku zile alikuwa amemwona kindege wa Amerika, wa misitu ya milimani, huko juu ambako mawingu yanaingia kati ya miti kama moshi unavyoingia jikoni. Kindege yule husimama hewani mbele ya ua bila kushika kitu, mabawa yakienda mpaka huyaoni. Na usiku, kwa baridi ya huko, hulala akawa kama maiti, asubuhi akapata joto akafufuka. Mume wangu aliyaeleza hayo kwenye chakula kama mtu aliyetoka huko jana.

"Ndiye ndugu wa chozi wetu," akasema.

"Baba, si ndugu," binti akamwambia. "Wamefanana kazi tu. Wale huku hawapo kabisa."

"Kufanana kazi ndio udugu wenyewe. Ami yako na mimi tumefanana nini zaidi ya kazi?"

Ikawa kila asubuhi anaweka kiti chake kando ya kichaka cha asumini, anangoja chozi wetu asimame hewani. Chozi hakusimama. Alishika kijiti, akainamisha kichwa, akanywa, akaenda zake. "Mvivu huyu," mume wangu akasema. Nikamwambia kafuata mwenye nyumba. Zilikuwa siku nzuri, na nnaziandika ili isionekane kwamba nyumba yetu ilikuwa na mawazo mabaya tangu mwanzo.

Halafu ikaja simu. Kijana mmoja, mhandisi, alikuwa amemwona binti yetu kazini na akauliza habari zake kwa njia ya heshima. Mama yake na khalati yake, yaani dada wa mama, wangekuja Ijumaa, baada ya Alasiri, kunywa kahawa. Kwetu sisi kahawa hiyo kila mtu anajua ni ya nini, lakini hakuna anayeitaja mpaka wakati wake ufike. Ni watu wa Quriyat, Waarabu wa huko tangu zamani, na mababu zao walikuwa na mashua za kuvulia. Kiswahili hawajui hata neno.

Hapo nikaanza kuona haya, na bado hawajafika. Niliona haya ya Kiarabu changu, ambacho kinanitosha sokoni na kwa daktari, lakini kikikaa kwenye majlis, chumba cha wageni, kinakuwa kama mtoto aliyevishwa viatu vya mkubwa. Na zaidi niliuonea haya mlango wa jikoni. Mgeni wa posa apitishwe penye pipa la taka, akwepe suruali za mume wangu kwenye kamba, aingie panaponuka samaki wa mchana? Nilikwisha kuwasikia wakisemezana garini wakirudi: hawa Wazanzibari, kelele nyingi, na mlango hawana. Haki yao niseme: hawakuwahi kutamka neno kama hilo. Niliwatamkia mimi, kichwani mwangu.

"Mama, wapite jikoni," binti akasema. "Wanakuja kuniona mimi au kuuona mlango?"

"Weye hujui watu."

"Nitawaeleza mimi mwenyewe, nikiwapokea."

"Tangu lini mwari akapokea wageni wake? Utaniaibisha."

Nilijua amenikasirikia kwa sababu alianza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Na mimi nikanuna kuanzia siku ya simu hadi Ijumaa yenyewe. Chakula niliweka mezani bila kusema. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia sina kitu, kwa ile sauti ambayo kila mume anaijua.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, binti yuko juu anapiga pasi, nikamwona mume wangu kupitia dirisha la majlis. Alikuwa juu ya ngazi ya kupandia, na mkasi wa jikoni mkononi. Alikata waya kwa juu, karibu na dari, taratibu sana, akiwa ameshika kifuko kwa chini kama anayebeba yai, akashuka, akaenda kukifunga kwenye asumini, kwa ndani, penye kivuli. Akaja kwangu anatoa jasho, anatabasamu.

"Nimekuhamishia mgeni wako. Wamo wawili, wana midomo wazi. Atawaona tu, ni hatua chache. Usinune tena."

Nimejiuliza mara nyingi sehemu yangu hapa ni ipi. Sikumtuma. Lakini kununa kwangu ndiko kulikomtuma, na yeye alifanya kwa kunipenda, na kwa kudhani kwamba ndege ana akili ya kumuuliza mtu njia. Ninachokijua kwa yakini ni kimoja: nilipomwona na mkasi, ningeweza kugonga kioo. Sikugonga. Nilihisi moyo umekaa mahali pake. Nikaenda kufagia ngazi za barazani, nikaufungua mlango wa mbele, nikauegemeza na jiwe. Mume wangu akaoga, akavaa, akaenda kwa nduguye, maana ugeni ulikuwa wa wanawake.

Wakaja kwa wakati. Mama wa kijana ni mwanamke mrefu, mkimya, anayekushika mkono kwa mikono yake miwili. Dada yake mnene, mcheshi, anasema kabla hajafikiri, na nilimpenda papo hapo. Nilikuwa bado nimeshikwa mkono pale juu ya ngazi, tunaulizana hali, habari, watoto, wakubwa, hali tena, nilipomwona chozi jike juu ya bega la mgeni. Alikuja moja kwa moja, na kidudu mdomoni. Akafika pale pale waya ulipokuwa. Hapakuwa na waya. Akasimama hewani.

Mabawa yalikuwa yanakwenda mpaka siyaoni. Akaenda mbele kidogo, akarudi nyuma, akashuka, akapanda, akitafuta tundu la nyumba yake mahali ambapo palikuwa na hewa tupu.

"Subhanallah!" dada mtu akasema, na simu imekwisha toka mkobani. "Tazama, tazama! Kama yule wa Amerika, yule wa milimani! Mnao hapa nyumbani?"

Nikamjibu, "Naam. Wapo wengi."

Ndivyo nilivyosema. Nikawakaribisha ndani.

Majlis yetu ina dirisha kubwa linaloangalia baraza. Nilikuwa nimewapangia wageni wakae mgongo kwa dirisha, mimi nilitazame. Sikupanga kwa ajili ya ndege, nilipanga kwa ajili ya jua. Nikatia kahawa, nikasogeza tende. Tukasema barabara ya Quriyat siku hizi ni nyepesi. Tukasema joto mwaka huu litawahi. Chozi akarudi, na kidudu kingine au kile kile, sijui. Akasimama pale pale, akaondoka. Dume naye akaja, akakaa juu ya taa ya ukutani, akipiga kelele ile yao kali, ya haraka haraka. Kule kwenye asumini, upande wa pili wa baraza, hawakwenda hata mara moja. Dada mtu aligeuza shingo kila mara, akapiga picha kupitia kioo, akasema, "Anatuchezea ngoma huyu! Anajua kuna kheri leo!" Mama wa kijana akatabasamu na kuinamisha macho, kwa kuwa dadake alikuwa ameligusa jambo kabla ya wakati.

Mimi nikaleta halua.

Kila alipokuja nilijisemea, akija tena nitasema. Lingekuwa jambo la maneno machache: tuna kiota, kimehamishwa kwa makosa, nipeni ruhusa nikirudishe, na samahani, mtatokea jikoni. Lakini lile la mwisho lilikuwa limenikaa kooni. Nikatafuta njia ambayo wageni watatoka kwa mlango wao wa heshima, na kiota kirudi, na nisiseme kitu. Nikaipata. Ndiyo njia ambayo mtu mwingine yeyote asingeipata, nafikiri, isipokuwa mwanamke wa huku aliyekwisha kulewa na haya zake. Nikainuka nikaenda kuleta udi.

Kwetu udi huletwa mwisho. Chetezo kikizungushwa, mgeni anafukiza nguo zake, anashukuru, anaondoka. Hakuna anayefukuzwa, ni moshi tu umesema. Binti alikuwa jikoni, kaa la moto amekwisha liweka tayari kwa ajili ya baadaye.

"Mapema hivi? Wamekwisha sema?"

"Nipe hicho chetezo."

"Mama, wamesema au hawajasema?"

Nikakichukua. Nikaingia nacho majlis, moshi mbele na mimi nyuma, na nilipouona uso wa mama wa kijana ndipo nilipofahamu nilichokifanya. Walikuwa hawajatoa neno lao. Kuwaletea watu wa posa udi kabla ya neno lao ni kuwaambia: neno hilo tunalijua, na hatulitaki.

Alikuwa na kikombe mkononi. Akakitikisa kile kitikiso kidogo cha kusema basi, akakiweka chini. Kwa adabu akaupokea moshi, akaupitisha kwenye ncha ya shela yake, akampa dadake, na dadake akafukiza haraka, akanirudishia chetezo. Halafu akasimama.

"Allah awabariki," akasema. "Mmetukirimu. Kama tumekosea mahali, mtusamehe. Sisi watu wa baharini, mambo ya mjini mengine hatuyajui."

Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Uso ule niliutambua. Ulikuwa uso wangu wa tangu siku ya simu, wa mtu anayejua ameonekana mdogo. Mimi nilikuwa nimeogopa kuonekana duni, na nikafika hadi kumfanya mwanamke mwenzangu ajione duni, katika nyumba yangu, na halua yangu mdomoni mwake.

Kiarabu chote kikanikimbia. Nikasema, "La, la, la, si hivyo, wallahi si hivyo," na yaliyofuata nusu yalikuwa Kiswahili. Nikawaonyesha dirisha. Nikasema ndege. Nyumba yake. Mume wangu, mkasi. Watoto, wawili. Mlango, mlango. Nilikuwa nnalia sasa, kilio kibaya cha mafua, chetezo bado mkononi, na majivu yananidondokea kwenye zulia.

"Mlango una nini?" dada mtu akauliza.

"Mlango ni wake yeye," nikasema. "Nyinyi nilikuwa niwapitishe jikoni, nikaona haya."

Wakatazama dirishani. Chozi jike alikuwa amerudi, amesimama hewani mbele ya kitu ambacho hakipo. Safari hii dada mtu hakutoa simu.

"Yaani," akasema polepole, "tumefukuzwa kwa ajili ya kindege?"

"Nyamaza wewe," mama wa kijana akamwambia. Akanigeukia. Sitasema alitabasamu, kwa sababu hakutabasamu. "Wako wapi hao watoto?"

Nikampeleka kwenye asumini. Akachungulia tunduni, akaniuliza ngazi iko wapi. Dada mtu akaileta, akiikokota na abaya yake imepanda mpaka magotini, anasema tangu azaliwe hajapata kwenda posa ya namna hii. Nikakifungua kifuko kwenye asumini, tukarudi mlangoni, nikapanda mimi, na nguo zangu za ugeni. Mama wa kijana alishika miguu ya ngazi, akawa ananielekeza jinsi ya kufunga kwenye waya uliobaki: zungusha, tena, pitisha chini, kaza. "Si hivyo, fundo litateleza. Rudia." Kifuko kilikuwa chepesi kama hakuna kitu ndani. Mmoja alifungua mdomo alipohisi mtikiso. Wa pili sikumwona.

Tukasogea, tukasimama nyuma ya gari lao. Chozi akachelewa. Nilikuwa nasoma kila dua niliyojaliwa kuijua. Kisha akaja, akasimama hewani kidogo, kama haamini, akashika tundu kwa miguu, akaingiza kichwa.

"Basi," mama wa kijana akasema. "Mikoba yetu imebaki ndani. Jikoni ni wapi?"

Nikawapitisha penye pipa la taka na suruali. Binti yangu alikuwa amesimama kwenye beseni, mikono imekunjwa hadi viwikoni, harufu ya samaki imetanda, hajui kitu isipokuwa kwamba mama yake amewatoa wageni nje na amerudi nao kwa nyuma. Akawasalimia, akataka kubusu kichwa cha mkubwa, akakumbuka mikono yake imelowa, akairudisha nyuma.

"Mimi nilikuja na neno," mama wa kijana akasema, akinitazama mimi, si yeye. "Nimelibeba kutoka Quriyat. Nilitaka kulisema nimekaa kwenye mto wa majlis, na sasa nitalisema hapa, nimesimama. Ila wewe uniambie kwanza. Moshi ule ulikuwa wa ndege tu?"

Nikamwambia, "Ulikuwa wa haya zangu. Wa kukataa haukuwa."

Akalisema, kati ya sufuria, kwa maneno yale yanayostahiki, na mimi nikamjibu kwamba baba yake ataulizwa na mwenyewe ataulizwa. Mwenyewe alikuwa ameangalia sakafu, mabega yakitikisika. Mpaka leo hataki kuniambia kama alikuwa anacheka.

Posa ilikubaliwa. Siliandiki hilo ili lizibe jingine. Mama wa kijana hunipigia simu, tunazungumza, lakini nnajua kwamba kwa muda wa kupitisha chetezo kutoka mkono hadi mkono alikaa kwenye nyumba yangu kama mtu aliyekataliwa, na muda huo siwezi kumrudishia.

Mtoto mmoja wa chozi aliruka. Tulimwona juu ya asumini, mkia haujatimia, anapiga kelele ya njaa. Wa pili mume wangu alimtoa kwenye kifuko baada ya wazazi kuondoka, amekauka, mdogo kuliko tende. Labda angekufa tu. Mume wangu anasema alikuwa dhaifu tangu mwanzo, na anasema hivyo kwa kujitetea yeye na kunitetea mimi. Sijui kama ana haki ya kusema. Alimzika chini ya asumini na toka siku hiyo kiti chake kimehamia ndani.

Binti hakunilaumu hata neno. Siku moja tu, tunakausha vikombe vya kahawa, aliniuliza, kwa sauti ile ya chini.

"Mama, ulimwona saa ngapi?"

"Nani?"

"Ndege. Ulimwona lini anatafuta?"

Ningeweza kusema, nilipoinuka kufuata udi. Angeniamini. Dada mtu ana picha kwenye simu yake, pamoja na saa zake, lakini nani angemwomba.

"Hawajakaa bado," nikamwambia. "Tulikuwa tunasalimiana."

Akakifuta kikombe alichokuwa nacho, ndani na nje, akakiweka kwenye sinia. Akachukua kingine.